Nyumba ya Mlango wa Buluu

Kwaru, kwaru, kwaru. Majirani waliamshwa na sauti kabla hawajaona nani anakwangua nini. Alikuwa mke wa fundi saa, kapiga magoti mbele ya mlango wake, chuma mkononi, meno kayauma.

Rangi yake ya damu ya mzee ilibanduka vipande vipande. Mwaka jana aliipaka saa sita mchana, akidhani jua lile kali litamkaushia upesi. Lilikausha juu tu. Ndani ikabaki mbichi, ikafura malengelenge. Na chini ya malengelenge, buluu ya marehemu, mke wa kwanza wa mumewe, ilikuwa imeung'ang'ania ubao kama kupe.

Mume hakuwahi kumlinganisha na aliyetangulia. Afadhali angemlinganisha, wagombane yaishe. Lakini muuza maziwa, watoto wa mtaa, hata wageni wake mwenyewe, wote bado waliiita "nyumba ya mlango wa buluu".

Leo alitaka kufika kwenye mti mtupu. Akakandamiza. Chuma kikateleza, kikamchuna kidole.

"Mwanangu, iliyoshika haikwanguliwi," mama mkwe alisema kutoka kwenye kiti chake. "Ipige msasa tu, mpya ipate pa kukamata."

"Unamtetea, mama."

"Naitetea rangi. Aliyeipaka hanisikii."

Mke aliinuka. Alichukua bisibisi, akafungua bawaba, akaubeba mlango begani hadi kivulini na kuulaza chini, apate kuukwangua kwa uzito wake wote. Hapo ndipo alipouona ukingo wa chini, ule unaotazamana na sakafu. Ulikuwa wa buluu, kona hadi kona, mistari ya brashi imenyooka. Unywele mmoja wa brashi ulikuwa umegandia humo.

Yeye hakuwahi kufikisha brashi huku. Nani angeona? Alipapasa kwa kidole chenye damu. Wivu ukamchoma upya, safari hii wivu wa fundi kwa fundi.

Akaweka chuma chini. Akachukua msasa.

"Mwenzangu," alisema kwa sauti, mama mkwe akageuka kutazama nani kaja. "Sikukwangui tena. Lakini kesho, kabla jua halijafika hapa, nitakufunika. Rangi nyembamba, ikauke, kisha nyingine, mpaka huku chini. Na safari hii hutachungulia."