Nyaya za Basi la Pembe

Basi lenyewe halikuwahi kuwako. Waithera alijua hivyo kwa sababu alikuwapo siku mumewe, Ndung'u, alipolizua mbele ya wageni wa chai: basi la stima lenye pembe mbili mgongoni, zikinyonya umeme kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya barabara za Nakuru. Lilipanda Milimani kimya kimya hata kuku hawakulisikia likija, ndiyo maana kuku wa Milimani waliisha. Wazungu walipofunga virago, nyaya zote za shaba zikafukiwa.

"Wapi?" akauliza Owuor, mnunuzi wa skrapu.

Ndung'u, mdomo umejaa mandazi, akaonyesha dirishani, nyuma ya choo.

Sasa nyuma ya choo palikuwa na shimo la kumeza mtu na ngazi yake, na aliyekuwa chini ni Kiarie, mwana wao.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Upande huu wa mji udongo ni jivu la volkeno. Ukilowa hudidimia tu, na mwaka juzi ulimeza zizi la jirani pamoja na ng'ombe. Waithera aliona ufa mwembamba kama uzi ukitoka shimoni kuelekea miguu ya Owuor, aliyekuwa akivuta ndoo. Alipotazama tena, uzi umekuwa kidole.

"Kiarie, toka," Ndung'u alisema akiinamia shimo. "Hakuna basi. Nilitunga."

Kicheko kikatoka chini. "Mzee, leo ndio hakuna? Unataka kuja kuchimba peke yako?"

"Ameona tumekaribia," Owuor akasema.

"Naapa."

"Hata juzi uliapa, boss," Owuor akamjibu.

Jembe likaendelea. Kila lilipotua, Waithera alisikia mchanga ukimiminika mahali fulani, chini kabisa, kama unga ukitoka kwenye gunia lililotoboka. Asubuhi alikuwa amemwonya Kiarie kwamba ardhi itaporomoka, naye akamwambia mama ana woga. Waithera, kiongozi wa akina mama kanisani, hakuwa amewahi kudanganya hata umri wake. Akasogea ukingoni.

"Baba yako hakukumalizia habari ya basi," alisema polepole. "Lilizikwa na watu ndani. Stima iliwashika wakiwa wamekaa. Hapo unapokanyaga ni paa."

Jembe likanyamaza. Owuor akaachilia kamba. Ngazi ikatetemeka, kisha kichwa cha Kiarie kikachomoza, matope hadi kwenye kope. Waithera akamdaka mkono, wote wakakimbilia jikoni.

Ardhi haikutoa kishindo. Choo kiliinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, kikaenda. Ua ukafuata.

Owuor alivua kofia. "Mathe," akamnong'oneza Waithera, "walikuwa watu wangapi?"

Waithera alimtazama mumewe, mwenye kuzoea kujibu. Ndung'u alikuwa ametumbulia macho sakafu ya jikoni. Ufa ulikuwa umeingia kwa mlango, unapita chini ya meza.

"Tutaulizana barabarani," Waithera alisema. "Tokeni." Na mkono wa Kiarie hakuuachilia.