Sanamu Iliyomtazama Philomène

Philomène Tardieu alikuwa akilowesha vitambaa vya kufunikia udongo, katika karakana ya Mwalimu Lescot jijini Paris, sanamu ya marumaru ilipogeuza shingo kumtazama. Akahamia kando ya jiko la makaa. Ikamfuata kwa macho. Wachongaji wenzake wakasogeza ngazi isipigwe na kiwiko cha jiwe, wakaendelea kutafuna mkate na jibini.

Mwanamke yule wa jiwe, dobi aliyeinuka kunyoosha kiuno, alikuwa kazi ya Philomène tangu donge la kwanza la udongo hadi kucha za miguu. Lescot hakuigusa ila siku ya kuchonga jina lake mwenyewe pale chini. Ndiyo desturi ya karakana: kilichoanzia kwenye udongo wa mwalimu ni cha mwalimu. Huo ni wizi mtupu, hata ukivalishwa koti la heshima.

Philomène akamwomba jina lake nalo liandikwe, japo dogo, japo kwa nyuma.

“Udongo ulikuwa wa nani, binti?” Lescot aliuliza huku akifuta miwani.

“Wako, Mwalimu. Lakini anamtazama nani?”

“Anakutazama wewe, naona. Basi kesho kwenye maonyesho usimame karibu na mlango, ili amwelekee waziri.”

Kesho yake alisimama mlangoni. Hasira zilipomzidi akajificha nyuma ya nguzo, na sanamu ikampa waziri kisogo. Mlinzi akamshika mkono kwa adabu, akamrudisha mahali pake. Lescot akavishwa nishani.

Mji mmoja wa mashambani ukainunua sanamu hiyo kwa ajili ya uwanja wake, na ilipaswa kuelekea ukumbi wa mji. Kwa kuwa hakuna karakana nyingine iliyomtaka mwanamke, Philomène akapokea chumba ambacho wakuu wa mji walimpa darini mwa ukumbi huo. Kila meya mpya aliombwa lile jina, na kila meya alijibu kwamba jina lipo tayari.

“Na nikifa?” alimuuliza wa mwisho, nywele zake zikiwa zimeshakuwa nyeupe.

“Usijali, mama. Makaburi yapo nyuma ya ukumbi, upande huu huu.”

Walimzika huko bila kuchelewa. Sanamu ikainua kidevu kidogo, ikatazama juu ya paa. Wageni wanaofika uwanjani humsifu sana Lescot, jinsi alivyojua kuchonga macho ya mtu aliyefiwa.