Kamba Kati ya Mashemeji

Asubuhi ya Jumapili ile, fundi mapazia alifunga kamba za raba zake, akazifungua, akazifunga tena, kama mtu anayetafuta sababu ya kuchelewa. Nje, theluji ilikuwa imelala juu ya kuta za bustani. Sebuleni, dada yake alikuwa akimvalisha mumewe glavu.

"Nyinyi wawili mna wazimu," dada alisema. "Mimi hukimbia nikifukuzwa tu, na hata hapo naangalia kwanza ni nani anayenifukuza."

"Ndiyo maana nilikupata kwa urahisi," mumewe akajibu, uso wake ukielekea ilikotoka sauti. "Hukukimbia."

Huyo mume, shemeji yake fundi, alikuwa mpokea simu wa hospitali. Hakuwa na macho ya kuona tangu utotoni, lakini katika mbio za masafa marefu aliwaacha nyuma wengi wenye macho. Kwa miaka mingi alikuwa amekimbia na fundi, wameunganishwa na kamba fupi yenye kitanzi kila ncha. Kimoja kwenye mkono wa shemeji, kingine kwenye mkono wa fundi. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Fundi, majira ya baridi yaliyopita, aliteleza kwenye ngazi za karakana na akaanguka vilevile, na kifundo cha mguu wake wa kulia kikavunjika. Tangu hapo kamba ilishikwa na dereva wa gari la maziwa, mtu mrefu, mwenye pumzi za farasi na maneno ya kuhesabu. Sasa daktari wa viungo alikuwa amemruhusu fundi kukimbia, na fundi alitaka jambo moja tu: kamba ile irudi mkononi mwake kabla ya mbio kubwa za majira ya kuchipua.

Wakaanza taratibu kando ya mto, kamba ikiwa kati yao. Baridi iliingia puani kama sindano, na pamoja nayo zikaingia siku za zamani.

Siku hizo alikuwa akimsimulia shemeji kila walichokipita: mama aliyepiga zulia barazani kana kwamba zulia limemtukana, mti uliokataa kupukutisha majani yake kama mgeni asiyejua kuaga, ukuta uliopakwa rangi ya kiini cha yai. Pasipokuwa na cha kusimulia, alitunga. Shemeji alijua, naye hakulalamika, alisema tu, "Ongeza chumvi, shemeji, hiyo bado haijakolea." Siku moja mvua iliwanyeshea wakapotea mitaani kwa sababu ya kucheka, na shemeji, akiwa ameloa chapachapa, akatangaza kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Miezi yote ya plasta, fundi alikanyaga pedali ya cherehani kwa mguu wa kushoto, mishono ikienda upogo kama mlevi, huku akijiuliza kama kuna mtu anayemwambia shemeji yake mto ulivyo leo.

"Haya, mto umevaaje?" shemeji akauliza, kana kwamba amemsikia akiwaza.

"Umeganda kandokando," fundi akasema akihema. "Katikati bado... bado unapita. Mweusi. Kama..."

Hakumaliza. Maumivu yalikuwa yamechoma kifundoni kama msumari. Akauma meno, akaendelea kukimbia, akitabasamu ovyo mbele ya mtu asiyeweza kuliona tabasamu hilo.

Shemeji akasimama.

"Mguu unauma."

"Hauumi."

"Shemeji, kila ukikanyaga kwa mguu huo kamba inalegea, kisha inanivuta. Nimekuwa kama mbuzi anayepelekwa sokoni."

"Unauma kidogo tu."

"Kidogo chako au kidogo cha daktari?"

Fundi aliinua macho. Mbele yao njia ilikuwa imefunikwa na barafu nyembamba inayong'aa kama kioo, naye alikuwa hajamwambia. Alikuwa hajaiona kabisa. Macho yake yote yalikuwa mguuni. Hapo ndipo moyo wake ulipopoa. Kamba ile haikuwa mali yake ya kudai. Ilikuwa amana, na aliyeikabidhi alikuwa akikimbia gizani kwa kuamini kwamba mwenzake anatazama.

"Mbele yetu kuna barafu," akasema. "Na mbio zile, kimbia na dereva."

Pumzi ya shemeji ilipanda nyeupe, ikapotea.

"Wiki nzima nimemsumbua dada yako," akasema. "Nataka mwaka huu nikimbie kasi kuliko nilivyowahi kukimbia, na wewe bado hutaweza. Sikujua nikuambieje. Nilihofia nitakuvunja mguu wa pili."

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka. Angalau baridi ilimpa kisingizio.

"Dereva ni hodari?"

"Hodari mno. Kushoto. Kulia. Ukingo. Nimekimbia naye mwaka mzima na sijui nimepita wapi." Akaivuta kamba kidogo, kwa upole. "Mbio ni zake. Jumapili usimpe mtu. Tutakimbia hadi mguu ukatae, kisha tutatembea, na utaniambia ukweli, wa barafu na wa mguu."

"Na nikitunga?"

"Tunga watu. Barafu usitunge."

Wakaizunguka barafu kwa uangalifu, kisha wakaanza tena, polepole kiasi kwamba kukimbia kwao kulibaki kuwa jina tu.

"Haya, niambie."

"Nyuma yetu kuna babu mwenye mkongojo," fundi akasema. "Anatukaribia."

"Umeanza kutunga."

"Haki ya Mungu, shemeji. Huyo, anatupita. Anatuamkia kwa kofia."

"Shikamoo, babu!" shemeji akapaza sauti kwa mashaka kuelekea kushoto.

"Marahaba, wanangu," ikajibu sauti, tayari ikiwa mbele yao. "Jikazeni, mtafika."