Hodi ya Tatu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimo ndani ya moyo wa mama yangu, Bi Salha, na nimevua viatu nje. Mwili wangu ulikuwa umelala kwenye benchi la hospitali. Yeye alikuwa katika chumba cha upasuaji, akiwekewa vali, yaani mlango mpya wa moyo.

Mlango wenyewe nauona. Mkubwa, bado una harufu ya dukani.

"Usiniguse," unaniambia. "Nimeshonwa sasa hivi."

Mara moyo unakuwa ukumbi wa nyumba yetu ya Tanga. Anaingia mzee mwenye kanzu nyekundu na chupa ya chai. Ni Damu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeuletea moyo chai. Unalisha mwili mzima, lakini wenyewe unalishwa kwa kimlango hiki hapa."

Kimlango hakionekani. Ubao wa mlango mpya umekiziba.

Mzee anapiga hodi. Kimya.

"Pita tu, babu!"

"Kwa Bi Salha? Bila kukaribishwa?"

Hapo namwelewa, maana mama namjua. Kwetu hata ukitoka chooni unapiga hodi, na ukipita kimyakimya unarudishwa nje uanze upya. Hodi tatu bila jibu, mgeni anaondoka.

Anapiga ya pili. Ukumbi unaanza kupoa. Nyuma ya ubao nasikia sauti nyembamba ya mama: karibu, karibu. Mzee hasikii. Namwambia amekaribishwa, anasema anayekaribisha ni mwenye nyumba.

"Sogea!" nauambia mlango. Nalia, wala sioni haya.

"Ningesogea, dada," unajibu kwa upole. "Mimi ni mkubwa kwa nyumba hii, nami sikujipima mwenyewe. Waite walionishona."

Mzee anapiga hodi ya tatu, anaokota chupa yake. Nami naita madaktari wote, ninaowajua na nisiowajua.

Niliamshwa na Daktari Mlaki. "Vali ya kwanza ilibana mshipa unaolisha moyo," alisema. "Moyo ulikaribia kusimama. Tumeitoa, tukaweka ndogo. Mama yu hai." Nilimkumbatia kabla hata ya kumsalimia.

Jioni hii mama ametolewa mpira wa kupumulia kooni. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda, sijatamka neno, akafumbua macho na kunikunjia uso kama enzi zile.

"Nani alikuwa anapiga hodi?" akauliza kwa sauti ya kukwaruza. "Nimeitikia mpaka koo limenikauka."