Daktari wa Kwenye Runinga

Nilivunjika mguu kwa sababu ya upumbavu wa watu wengine, na hilo liliniuma kuliko mfupa wenyewe. Kazi yangu ni kufunga madishi. Napanda mapaa ya watu ili niwaletee sebuleni vitu ambavyo mimi mwenyewe sivitazami hata kwa kubembelezwa. Siku ile nilikuwa juu ya bati la shemeji yangu, dada wa mke wangu, naye yuko chini ananihimiza: "Fanya haraka, shemeji, Dokta anaanza." Bati lilikuwa limelowa mvua. Nikashuka bila ngazi.

Dokta mwenyewe si daktari. Ni mwigizaji. Alivaa koti jeupe kwenye tamthilia isiyokwisha mpaka watu wakasahau kwamba kuna mtu anayemwandikia maneno. Msimu huo wa uchaguzi akaamua kugombea ubunge. Sera zake sikuzisikia, na waliompenda hawakuziulizia. Koti liliwatosha.

Wodini nililazwa kitanda cha dirishani. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja, fundi cherehani, mpole, asiye na wa kumtembelea. Alikuwa na henia, na daktari alikuwa amempangia apasuliwe asubuhi inayofuata kabla utumbo haujanasa. Mzee alikuwa amekubali.

Mchana wakaja wapambe wa Dokta kutafuta mgonjwa wa kupigwa naye picha. Mmoja akanitazama kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. "Huyu ana afya mno," akasema. "Mtoeni hapo, tunataka mwanga wa dirisha." Nikasukumwa na kitanda changu hadi koridoni, pembeni ya ndoo za kudekia, na mzee wa henia akawekwa mahali pangu. Sista wa zamu hakuguna hata kidogo. Alikuwa akijipaka rangi ya midomo.

Mlango ulikuwa wazi, nikaona kila kitu. Dokta aliingia na koti lake, kipimo cha moyo shingoni, kamera nyuma. Wauguzi, watu wanaofanya kazi na madaktari kila siku ya Mungu, walisukumana kupiga naye picha. Yeye akaketi kwa mzee, akamshika mkono.

"Dokta," mzee akamwambia, "kesho wanataka kunipasua. Wewe unaonaje?"

Mtu mwenye chembe ya aibu angesema, mzee wangu, mimi ni mwigizaji, wasikilize wenye kazi yao. Huyu aliweka kiganja juu ya tumbo, akafumba macho, akatoa ile sentensi yake ya kwenye tamthilia ambayo hata watoto wanaijua: "Kisu ni cha mwisho. Mpe mwili nafasi."

Wodi nzima ikapiga makofi. Hata aliyekuwa na mkono kwenye plasta alijipigapiga paja.

Asubuhi, nikiwa nimesharudishwa wodini, mzee akagoma. Daktari wa upasuaji, binti mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala, alimweleza hatari yote bila kuficha. Mzee akatikisa kichwa.

"Dokta amesema kisu ni cha mwisho."

"Baba, yule anaigiza."

"Basi anaigiza vizuri kuliko wewe. Yeye alinishika mkono. Wewe umeshika faili."

Binti akaondoka na faili lake. Kufika alasiri mzee alikuwa anatapika, amejikunja, jasho linamtiririka, na bado anakataa.

Hapo ndipo mke wangu alipokuja kuniona, amevaa fulana yenye uso wa Dokta kifuani. Yeye alikuwa kwenye kundi la mashabiki, na namba za wapambe alikuwa nazo.

"Mpigie huyo mungu wenu," nikamwambia. "Amwambie mzee akubali."

Akapiga. Mpambe akasema hakuna tatizo, Dokta ataongea, ila iwe mubashara, na simu ilazwe ubavu ili sura ya mgonjwa ienee. Nikamnyang'anya mke wangu simu.

"Wewe, mtu anakufa hapa."

"Ndiyo maana tunataka itoke vizuri, kaka."

Ikatoka vizuri. Mke wangu alishika simu, na Dokta akatokea akiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Binti daktari alisimama kando, mikono kifuani, akingoja mwigizaji ampe ruhusa ya kufanya kazi yake.

"Mzee wangu," Dokta akasema kwa ile sauti ya chini, "mwili umeshapata nafasi yake. Sasa ni zamu ya kisu."

"Haya, Dokta," mzee akajibu, akafumba macho.

Walimkata kipande cha utumbo kilichokuwa kimeoza. Alipona. Video ilisambaa usiku huohuo ikiwa na kichwa kwamba Dokta kaokoa maisha. Binti aliyeokoa maisha anaonekana humo kiwiko tu.

Siku ya kuruhusiwa, mzee alimshukuru Dokta mbele ya wodi nzima, ingawa Dokta hakuwepo. Nikamwambia, "Mzee, aliyekupasua ni yule binti."

"Najua, mwanangu. Nilimshukuru asubuhi alipokuja kunifunga kidonda." Alikuwa akifunga vifungo vya shati lake polepole. "Lakini tangu mke wangu afariki, anayeingia chumbani kwangu kila jioni ni Dokta."

Nikanyoosha mkono kutoka kitandani, nikamfungia kifungo cha mwisho.

Uchaguzi ulipofika nilikwenda kwa magongo, nikampigia kura mpinzani wake, mtu ambaye jina lake nililisoma palepale kwenye karatasi. Mtu wangu alishindwa vibaya. Shemeji na mke wangu walishangilia sebuleni kwangu mpaka wakakaukiwa sauti, kisha wakaniuliza kwa nini nimenuna. Nikawaambia mguu unaniuma.