Seli Zilizokataa Kulala

Masinde alikuwa ananihujumu. Sikuwa na shaka hata kidogo.

Uvimbe wa saratani humwaga adenosini, nayo huzilaza seli za kinga. Kafeini huzizuia zisilale, ila kwa unyonge. Ndiyo maana kwa miaka minne hapa Nyeri nimeibadilisha molekuli yake, nikiongeza huku, nikikata kule, mpaka nikapata dawa yangu, toleo namba arobaini na moja. Tuliijaribu kwenye damu ya wakulima wa kahawa kutoka Othaya, iliyotiwa adenosini. Penye dawa, seli zingekaa macho. Pasipo na dawa, zingelala. Lakini zote zilikuwa macho.

Na chupa zisizo na dawa zilitayarishwa na nani? Masinde, fundi wangu wa maabara, mtu wa Bungoma, mpole kupita kiasi. Upole ule ulinikera. Mbona alifunga daftari kila nikiingia? Alipotoka nililipekua nikitafuta namba zilizofutwa. Sikuziona, nikazidi kumshuku. Nikamwandikia mkurugenzi kwamba fundi anachafua sampuli. Akasimamishwa kazi, na barua ya kumfuta kazi ingetiwa sahihi Ijumaa.

Jumanne nilifanya kila kitu mwenyewe. Wageni wetu, wale wakulima, walifika wakitetemeka kwa baridi, nikawamiminia chai kama kawaida.

"Kuna aliyekunywa kahawa tangu jana?"

Mama Wachuka akacheka. "Ati kahawa? Hiyo ni ya kupeleka factory. Sisi ni chai tu." Akanyoosha kikombe. "Niongezee, daktari. Yako iko na majani mingi."

Nikamwongezea, kisha nikamtoa damu.

Kesho yake seli zote zilikuwa macho, na Masinde alikuwa kwao Bungoma. Nikaitazama thermos ya chai. Majani ya chai yana kafeini! Mimi, na shahada zangu tatu, nilikuwa nikiwanywesha watu kafeini kabla ya sindano. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

Nikampigia Masinde simu.

"Niliandika, daktari. Angalia kitabu, wiki ya pili."

Nikalifungua tena daftari lake. Palikuwa na mstari mmoja: *Wageni wanapewa chai kabla ya kutoa damu.*

"Mbona hukuniambia?"

"Ni wewe ulikuwa unawapea. Ningekuambia aje unyime wageni chai? Hata mimi ulikuwa unanipea."

Nikamwandikia mkurugenzi barua ya pili kuhusu aliyechafua sampuli, nikaianza na jina langu.