Kitanda Kilichofuata Masharti

Mkoromo ulitangulia, picha ikachelewa. Mtaalamu wa tiba ya usingizi akatabasamu mbele ya kompyuta yake. Tangu aanze kumtibu fundi cherehani huyu kwa video, hakuwahi kusikia sauti tamu kama hiyo.

Picha ilipofunguka, fundi alikuwa amekaa kwenye stuli, macho makavu kama vifungo vya koti.

"Sasa nani anakoroma, dada?"

"Kitanda, daktari."

Akageuza simu. Kitanda kilikuwa kimelala fofofo, godoro likipanda na kushuka. Mama mkwe wake alikuwa chini sakafuni, akikipepea kwa kipande cha boksi.

"Punguzeni sauti," alisema mama mkwe. "Ndiyo kwanza kimepitiwa."

Mtaalamu akakumbuka. Kikao kilichopita alisisitiza kwamba kitanda ni cha kulala tu: si cha kula, si cha kuwazia, si cha kuchezea simu. Siku hiyo simu ilikuwa imeegeshwa kwenye mto, na aliyesikiliza kwa makini alikuwa kitanda.

"Nikipanda niko macho, kinanitema," fundi alisema.

"Kinafuata masharti. Na wewe je, simu unaizima?"

Fundi akacheka kwa pua. "Niizime! Msimamizi wa kiwandani anapiga wakati wowote roho yake ikipenda. Nisipopokea, zamu anapewa mwingine."

Kiwanda ndicho kilichompeleka kwenye tiba, baada ya yeye kusinzia kazini na kushonea mikono ya mashati kwenye suruali. Akisinzia tena, kazi hana. Mtaalamu alishamwomba msimamizi ampangie zamu zinazoeleweka. Msimamizi alijibu kwa kuuliza kama hakuna tiba fupi zaidi.

"Jaribu sasa," mtaalamu alisema. "Taratibu."

Fundi akajiegemeza ukingoni. Kitanda kikanusa, kikasita, kisha, bila kukatisha mkoromo, kikajisogeza kumpa nafasi. Mama mkwe akahamishia upepo kwake. Kope zikaanza kuwa nzito.

Picha ikaganda. Simu nyingine ilikuwa inaingia.

Iliporudi, fundi alikuwa anafunga kamba za viatu, na shuka upande wake lilikuwa limeshanyooka.

"Zamu?" mtaalamu aliuliza.

"Zamu."

Mama mkwe akamkabidhi mkoba, kidole mdomoni kumkumbusha asipige kelele. Fundi akainama mpaka kwenye mto.

"Usinikasirikie, mwenzangu," alinong'ona. "Nakuahidi, nikirudi nitapanda nikiwa nimeshalala."